Mwacheni propela mahali pake

Hapa Uingereza, ukiwa na namba ya usajili ya gari lolote, unafungua tovuti ya serikali na kusoma bure historia yake ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari. Raha yangu ni kusoma rekodi za 4x4 ndogo, magari yanayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne: Subaru Forester, Toyota RAV4, Honda CR-V, Suzuki Jimny. Mkaguzi ameandika kwamba buti ya CV (mpira unaofunika kiungo cha shafti ya gurudumu) imeanza kupasuka, kwamba sili ya difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) inatoa unyevu, kwamba kashata za tairi moja zinakaribia kina cha chini cha sheria, milimita 1.6. Na gari lenyewe kazi yake ni kupeleka watoto shule juu ya lami.

Sasa nendeni kwetu Kenya, Mau Narok msimu wa mvua ndefu. Nendeni uwanda wa Kano, ambako udongo mweusi unashika tairi mpaka rimu haionekani, au Muhoroni kwenye njia zilizochimbwa na matrekta ya miwa. Huko ndiko watu wanamwambia fundi atoe propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ili gari lisinywe mafuta. Jambo hili linaniudhi kuliko mashimo ya barabara.

Magari haya hayakubuniwa kwa urembo. Jimny ya kwanza, LJ10, ilitoka 1970 na injini ya cc 359. Suzuki ilikuwa imenunua haki za ON360, gari la kampuni ndogo iliyoitwa Hope, ikaliunda upya. Sheria ya Japani ya magari madogo haikuruhusu urefu uzidi mita 3, kwa hiyo tairi ya akiba ikawekwa ndani na kula nafasi ya abiria mmoja. Lada Niva ikaja 1977, haina fremu ya ngazi (vyuma virefu vinavyobeba bodi), ila magurudumu yote manne yanavuta wakati wote. Kisha RAV4 ya 1994 ikageuza soko: imeinuka kama gari la porini, lakini inaendeshwa kama saluni. CR-V ikafuata 1995, Forester 1997. Jimny imeshikilia fremu ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia ya chini ambayo kwenye modeli ya 2018 inazidisha nguvu mara mbili. Uzito wake ni takriban kilo 1,100, na hapo ndipo siri ilipo: matope ambayo gari la tani mbili na nusu linayachimba, hili linapita juu yake.

Najua mtaniambia: uko majuu, umesahau bei ya petroli. Sijasahau. Kama maisha yako ni Milimani hadi mjini Kisumu na kurudi, nunua gari linalovuta kwa magurudumu mawili tu, hakuna aibu. Na yule atakayesema Probox, ile Toyota ndogo ya mizigo, inafika kote, nakubali, madereva wetu wa Probox ni hodari kuliko dereva yeyote niliyemwona huku. Lakini ukishalipia 4x4, ukalipa na ushuru wake, mbona unaikata miguu?

Sikieni kinachotokea. RAV4 ya kwanza yenye gia za mkono ina difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukitoa propela, nguvu yote inakimbilia upande ulio wazi, injini inapiga kelele na gari halisogei mpaka ufunge hiyo difu. Subaru ya gia za mkono itasogea, kwa sababu difu yake ya katikati ina kifaa cha mafuta mazito kinachojaribu kushika, nacho kinaungua. Subaru ya otomatiki, propela inaingia ndani ya giaboksi. Ukiichomoa bila kuziba, mafuta ya giaboksi yanamwagika. Baadhi ya hizo zina hata tundu la fyuzi lililoandikwa FWD (kuvuta kwa mbele tu) chini ya boneti, la kuzima magurudumu ya nyuma ukiwa umefunga tairi ya akiba ndogo. Ni la dharura, si la mwaka mzima.

Simdharau fundi wa nyumbani. Fundi wa jua kali wa Nakuru atakuchongea bushi kwa leizi wakati huku wanabadilisha mkono mzima na kukutoza kwa saa. Tatizo ni mwenye gari anayedai mambo nusu. Ananunua tairi mbili mpya, anaacha mbili kuukuu. Subaru inataka mizingo ya tairi isipishane zaidi ya milimita 6 hivi; ikizidi, klachi ya katikati inateleza muda wote, inapata moto, mwishowe inagandamana. CR-V za zamani nazo zikianza kunguruma nyuma ukikata kona polepole, mafuta ya difu yamechoka. Yanatakiwa yale ya Honda ya pampu mbili, lita moja na ushei. Ukimimina mafuta ya gia ya kawaida, 80W-90, umeua klachi iliyo humo ndani.

Ukienda yadi, lala chini kwanza uone kama propela ipo. Kisha kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole mahali pakavu palipo na sakafu ngumu. Gari likirukaruka kama limeshikwa breki, mfumo wa katikati umekwama. Jimny itafanya hivyo ikiwa kwenye 4H (magurudumu manne yanavuta) kwa sababu haina difu ya katikati, kwa hiyo ijaribu ikiwa 2H (mawili tu), na kwenye lami kavu usiendeshe 4H kabisa.

Na kama umeshauziwa lililokatwa, linarudishika. Tafuta propela ya modeli ileile. Kama difu ya nyuma nayo ilitolewa, hakikisha uwiano wa gia zake unalingana na wa mbele: Subaru zina 4.11 na 4.44, ukichanganya hizo giaboksi haimalizi mwezi. Kwenye difu fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, usije ukamwaga mafuta halafu ya juu ikakataa kufunguka. Mafuta yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisha, endesha kidogo, badilisha tena.