Dari ya bati la nakshi: fremu ya biashara sawa, sebuleni tusubiri

Kinyozi wangu wa Sinza amebomoa jipsamu na kupiga dari ya bati la nakshi: vipande vya sentimita 60 kwa 60, ua katikati, kingo zikilaliana. Kusema kweli imependeza. Jioni taa zikiwaka, kale kafremu kanageuka ukumbi. Sasa jirani yangu wa Kigamboni naye anaitaka sebuleni, na hapo ndipo ninapositasita.

Mtindo wenyewe ni wa zamani. Ulishamiri Marekani mwishoni mwa karne ya 19, watu walipotamani dari za plasta ya kuchonga kama za Ulaya ilhali pesa ya fundi wa plasta hawana. Viwanda vikagandamiza karatasi za chuma kwenye kalibu, zikapigiliwa kwenye mbao na kupakwa rangi nyeupe. Ilianza kama kuiga, na leo nayo inaigwa kwa plastiki!

Wauzaji husifia moto. Ni kweli bati haliwaki, na penye karai la chipsi kutwa nzima, dari inayofutika kwa kitambaa na sabuni ni nafuu kubwa. Ila jipsamu nayo si kuni: karibu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini, na moto sharti uyafukuze kwanza. Kwa hoja hiyo bati linaishinda plastiki, si jipsamu. Kelele je? Bati hurudisha sauti. Kwa kinyozi siku ya mechi ni burudani. Kwenye nyumba yenye watoto watatu, hapana.

Kubwa kwangu ni kutu. Paa likivuja, jipsamu hukushtaki siku hiyo hiyo: doa la rangi ya chai, kisha ubao unalegea. Bati hunyamaza. Maji hutembea juu yake, yakashukia kwenye kona ya mbali, na chuma huliwa kwa upande usiouona. Ukiona kidoa chekundu chini, mgongo umekwisha. Ongeza upepo wa chumvi wa pwani na kingo zilizokatwa kwa mkasi bila kupakwa rangi tena. Alumini haina kutu hiyo, lakini fundi akiifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida, chumvi na unyevu vitaila pale pale zinapokutana.

Mwenye fremu hubadilisha mwonekano kila baada ya miaka michache, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Mwenye nyumba anajenga akitarajia kuzeeka humo. Akitaka lazima, basi achukue alumini, skrubu zisizoshika kutu, na aache kipande kimoja kinachofunguka ili achungulie juu.

Nilimshauri jirani aanze kwa kupanda juu ya dari aliyonayo na tochi, mvua ikinyesha. Amepanda. Amekuta ndoo ya rangi imetegeshwa chini ya tundu la msumari, imejaa hadi shingoni, na hajui ni fundi gani aliyeiacha.