Dawa ya mafuta na kopo la madini kwenye kiganja kimoja

Mama mkubwa wangu yuko Uyole, ana miaka 67, mwaka wa pili huu anameza rosuvastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, ya miligramu 10 kila usiku. Mwezi wa saba nikaenda kulala kwake, baridi ile mnayoijua, tumemaliza ugali na maharage, akamwaga vidonge vyote kiganjani, kile cha mafuta na vile viwili vinene vya madini ya magnesiamu, akavirusha mdomoni mara moja afu akachukua chupa ya dawa nyeupe ya kiungulia akapiga mafunda mawili. Nikamuuliza mama mkubwa, vyote kwa pamoja? Akasema "mwanangu, si vinaenda tumbo hilohilo."

Na kliniki walikuwa wameshamwambia mafuta hayashuki vizuri, wanafikiria kumpandishia dozi.

Sasa huku Mbeya kuna kambi mbili. Wale wauza saplimenti wanaokaa pale Mwanjelwa watakwambia dawa za mafuta zinakula misuli, meza madini, misuli inarudi, na ukimaliza makopo matatu achana na dawa kabisa. Upande wa pili nesi alimwambia mama mkubwa kwa kifupi tu: tupa makopo yote.

Kwenye hili nesi ana hoja, tena nzito kuliko alivyoielezea. Dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesiamu ukiinywa pamoja na rosuvastatini inapunguza dawa inayofika kwenye damu kwa karibu nusu. Nusu! Yani umenunua miligramu 10, nyingi inaishia chooni. Ukiinywa masaa mawili baada ya rosuvastatini tatizo linapungua sana. Afu jina la dawa nalo lina maana, atovastatini, dawa nyingine ya mafuta, nayo hupungua kwenye damu, kama theluthi hivi, lakini walipopima mafuta mabaya yalishuka vilevile, kwahiyo jirani anayemeza atovastatini asikutishe wala asikupe moyo, dawa yake siyo yako. Vipimo hivyo vilifanywa na dawa ya kiungulia siyo vidonge vya magnesiamu peke yake, ila kuvitenganisha hakugharimu kitu kwahiyo sioni sababu ya kubahatisha.

Halafu figo. Figo ikichoka magnesiamu haitoki vizuri, inajaa mwilini, na watu wengi wa dawa ya mafuta wana presha na sukari pia. Potasiamu hivyohivyo, yenyewe haigombani na dawa ya mafuta, inagombana na figo na baadhi ya dawa za presha kama losatani zilizopo kwenye mfuko uleule.

Muuzaji naye siyo muongo mia kwa mia. Maumivu ya misuli kwenye hizi dawa yapo, na kuna yale ya hatari kabisa japo ni nadra, misuli inauma mwili mzima na mkojo unakuwa kama chai ya rangi, hapo usisubiri kesho. Ila kuna utafiti wa Uingereza wa 2020, watu 60 walioacha dawa kwa sababu ya madhara wakapewa kwa zamu dawa yenyewe, vidonge visivyo na kitu na miezi mingine hawapewi chochote, na asilimia 90 ya yale waliyoyasikia kwenye dawa waliyasikia pia kwenye vidonge vitupu. Na magnesiamu kwa kubanwa misuli usiku kwa wazee, tafiti zikiwekwa pamoja haionekani kushinda vidonge vitupu. Seleniamu, nayo ni madini, ndo kabisa, mwaka 2001 Marekani walipoichanganya na vitamini C, E na betakarotini juu ya simvastatini (dawa nyingine ya mafuta) na niasini (vitamini B3), faida kwenye mafuta mazuri ikapungua. Kwahiyo "haina madhara ni asili tu", hapana.

Wakati huohuo kuna habari nyingine ya madini tunaisahau. Nyanda zetu hizi zilijulikana kwa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, kabla ya chumvi ya madini joto kuenea, na tezi ikilegea mafuta yanapanda na misuli inauma, vitu vilevile viwili ambavyo watu wanailaumu dawa. Kabla ya kununua kopo mi ningeuliza kwanza kipimo cha tezi, na siyo kujimezea madini joto ya ziada maana nayo yakizidi yanaweza kuivuruga tezi.

Ila lile la "tupa yote" silikubali. Mwenye upungufu wa damu kaandikiwa madini chuma na daktari, atatupaje? Na mtu akikaripiwa anaficha, mama mkubwa alishahamishia makopo yake kwenye debe la unga, kliniki wanaamini kaacha.

Tulichofanya, nilibeba makopo yote na ile chupa kwenye mfuko wa rambo mpaka famasi, dada wa pale akasoma lebo moja moja na kupiga simu kliniki. Simvastatini ndo inataka usiku, rosuvastatini saa yoyote, kwahiyo ikahamia asubuhi, kiungulia na magnesiamu jioni, na dozi isipandishwe kwanza. Figo zimepimwa ziko sawa. Mafuta yatapimwa tena mwezi wa kumi, na makopo yametoka kwenye debe la unga, yako mezani.