Sindano haiui mtoto wa degedege, kuchelewa ndo kunaua

Juzi saa tano usiku jirani yetu kagonga mlango analia, mtoto wake wa miaka miwili kakakamaa, macho yamegeuka meupe, meno yameumana, povu linatoka. Nafika, nakuta bibi mmoja kashika kijiko anataka kumtenganisha meno, shangazi anasema afukizwe mavi ya tembo au mama amkojolee, ila hospitali asipelekwe kabisa maana watamchoma sindano na sindano ndo inamalizia.

Haya maneno huku Pwani tumekua nayo. Wanasema ni dege, yule mdudu kama nondo, amempitia mtoto usiku. Mi nimemgusa yule mtoto, mwili unaunguza! Degedege mara nyingi inaletwa na homa kali, ubongo wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hauhimili joto likipanda, na huku kwetu hiyo homa mara nyingi ni malaria, inaletwa na mbu jike wa anofelesi, dege hahusiki.

Sasa hii ya sindano, naomba mnisikilize vizuri. Watu hawadanganyi wanaposema fulani alichomwa sindano akafa, walimuona kwa macho yao. Ila waulize alifika hospitali saa ngapi. Siku mbili yuko ndani anafukizwa, vimelea vinazaliana kwenye damu, sukari imeshuka, anafika hajitambui, nesi anawahi sindano, mtoto anakata roho na sindano ndo inabeba lawama. Halafu mzazi mwingine anasikia, naye anachelewesha wa kwake, na wa kwake naye anafika amechoka. Inaniuma sana hii, maana kila msiba unaupa nguvu uongo uleule.

Tulimlaza ubavu, kile kijiko nikakiomba kwa bibi kwa heshima nikakiweka pembeni (usimtie mtoto kitu chochote mdomoni, utamvunja meno au atapaliwa), tukampunguza nguo, tukapakiana kwenye bodaboda. Kipimo kikatoa mistari miwili, malaria. Akachomwa ya kwanza usiku uleule, ya pili baada ya masaa 12, ya tatu masaa 24 tangu ile ya kwanza, ndo akaanzishiwa dawa mseto za kumeza. Shangazi alikuwepo kwenye ile ya tatu, kamshikilia mwenyewe mguu.