Kolistini: mshipani au moja kwa moja kichwani?

Chukua mfano wa dereva wa bodaboda aliyeanguka bila helmeti. Fuvu limepasuka, kafanyiwa upasuaji, yuko ICU na mrija wa kutoa maji kichwani. Wiki ya pili homa inapanda, shingo inakakamaa. Maabara wanaotesha vimelea kutoka kwenye maji ya ubongo, jibu linarudi: bakteria aitwaye Acinetobacter baumannii, sugu kwa antibiotiki ya seftriaksoni, sugu hata kwa meropenemu iliyo kali zaidi. Imebaki kolistini, antibiotiki ya zamani.

Hapo ndipo madaktari wanapovutana. Kolistini ya mshipani haifiki kwenye ubongo ila kwa kiasi kidogo mno. Ukiongeza dozi unaumiza figo, na ni figo hizohizo zilizofanya dawa hii isukumwe kabatini miaka ya 1970, mpaka usugu ulipoirudisha wodini. Basi wapo wanaosema ipitishwe kwenye mrija, iingie penye ugonjwa. Mwongozo wa Marekani wa 2017 unairuhusu njia hiyo pale dawa ya mshipani peke yake inaposhindwa: miligramu 10 kwa siku, kisha mrija ubanwe kati ya dakika 15 na saa moja dawa isitoke.

Wanaosita hawasiti bure. Ushahidi mwingi ni wa makundi madogo ya wagonjwa. Dawa yenyewe inaweza kuwasha utando wa ubongo au kuleta degedege, na kila mrija unapofunguliwa, vimelea wengine wanapata upenyo.

Mimi kinachonitisha zaidi ni hesabu. Kichupa cha yuniti 1,000,000 kina miligramu 80 za kolistimetheti, yaani kolistini katika umbo linalotengenezwa kwa sindano, kwa hiyo dozi ile ya miligramu 10 ni yuniti 125,000, sehemu moja ya nane ya kichupa. Lakini kuna viwanda vinavyoandika uzito wa kolistini yenyewe, na hapo yuniti milioni moja inasomeka takriban miligramu 33. Kichupa kingine, dozi ileile, hesabu tofauti kabisa, na anayevuta sindano ni muuguzi mmoja saa nane usiku.

Hata hivyo naegemea upande wa mrija, kwa sababu ugonjwa huu hausubiri. Ila iwe pale penye maabara inayootesha na mfamasia anayehakiki dozi kabla haijafika kitandani, na mrija wenye vimelea utolewe uwekwe mpya. Kwenye hospitali isiyo na uwezo huo, afadhali mgonjwa apewe rufaa mapema, shingo ikianza tu kukaza.