Mhandisi Anayehama Kazi Hajamsaliti Mtu

Google ilipotangaza mwaka 2022 kuwa inaanzisha kituo cha uhandisi Nairobi, miaka 3 baada ya Microsoft kufungua chake, waanzilishi wa kampuni changa za Kenya walilalamika hadharani kwamba wahandisi wao wa programu wanachukuliwa. Malalamiko hayo yana uzito. Kampuni ndogo ikiondokewa na aliyejenga mfumo wake wa malipo, hupoteza pia maarifa ambayo hayakuandikwa popote.

Hata hivyo, kuwaita vijana hawa wasio waaminifu ni kukikwepa chanzo. Mara nyingi mshahara wa aliyepo hupanda kidogo kidogo kila mwaka, ilhali anayeajiriwa leo hulipwa bei ya soko, hivyo mwenyeji hujikuta akimfundisha kazi mgeni anayemzidi kipato. Akishawasilisha notisi, fedha ambazo hazikuwamo kwenye bajeti hupatikana siku hiyo hiyo. Kama zilikuwapo, kwa nini zilisubiri barua ya kuacha kazi?

Tunajua pia waajiri hufika wapi wanapochagua kuzuia badala ya kulipa. Huko California, ambako tangu 1872 sheria inabatilisha mikataba ya kumzuia mtu kwenda kwa mshindani, Apple, Google, Intel na Adobe zilidaiwa kukubaliana kwa siri zisichukuliane wafanyakazi, na mwaka 2015 mahakama iliidhinisha suluhu ya dola milioni 415 kwa watu wapatao 64,000. Ukigawanya, kila mmoja anapata kama dola 6,500, tena kabla ya kukata ada za mawakili, kwa madai ya mishahara iliyobanwa miaka kadhaa bila wenyewe kujua. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa mtu ambaye simu ya kumwita kwenye kazi bora haikupigwa kamwe.

Kenya nayo ina sheria, Sura ya 24, inayoiruhusu Mahakama Kuu kubatilisha kifungu cha mkataba kinachomzuia mtu kupita kiasi kufanya kazi kwingine. Lakini kijana anayedaiwa kodi ya nyumba hana uwezo wa kufungua kesi. Akitishwa kwa kifungu cha mkataba, hubaki. Mwajiri ana haki ya kulinda siri zake na kudai gharama halisi ya mafunzo, deni likipungua kadiri miezi ya utumishi inavyopita. Zaidi ya hapo, alinganishe mishahara ya waliopo na ya soko kila mwaka, awape hisa, na kazi iandikwe ili isiishi kichwani mwa mtu mmoja.