Natchez: Kibao Njia Panda, Fedha Majumbani

Natchez, jimboni Mississippi, ni mji wa watu wasiofika 15,000, uliokaa juu ya genge linalotazama mto, na sehemu kubwa ya riziki yake hutokana na utalii. Kinachovuta wageni ni majumba ya nguzo nyeupe yaliyojengwa na matajiri wa pamba. Tangu 1932, akina mama wa vyama vya bustani wamekuwa wakiyafungua kwa watalii wanaolipa kiingilio.

Ng'ambo ya pili ya mji ipo Forks of the Road, njia panda iliyokuwa soko la watumwa. Mwaka 1833 mji uliwafukuza wafanyabiashara wageni wa watumwa kwa kuogopa kipindupindu. Nao wakahamia nje kidogo tu ya mpaka, biashara ikaendelea hadi 1863. Leo pana vibao na minyororo iliyozamishwa kwenye zege, magari yakipita kando. Mwaka 2021 eneo hilo likaingizwa katika hifadhi ya kihistoria ya serikali kuu.

Swali ni wapi historia ya utumwa isimuliwe. Wanaovipigania vibao wana hoja nzito: hakuna jengo la soko lililosalia, na pasipo maandishi mgeni ataona nyasi na barabara tu. Wanaotetea majumba nao hawasemi upuuzi. Viingilio vile viliezeka mapaa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, na paa likianguka ushahidi nao umekwenda.

Tatizo langu ni mahali kibao kilipo. Kikikaa njia panda, jumba linapata ruhusa ya kunyamaza, ilhali mnunuzi ndiye aliyeishi jumbani. Tena kibao kina mistari michache. Mweke hapo William Johnson: alizaliwa mtumwa, akaachwa huru 1820, akawa kinyozi mwenye mali, kisha (ndiyo, yeye huyo) akamiliki watumwa. Aliandika shajara kuanzia 1835 hadi alipouawa 1851. Mtu wa aina hiyo anahitaji nyumba nzima kuelezwa, na bahati nzuri nyumba yake imehifadhiwa.

Melrose, jumba linalosimamiwa na hifadhi hiyo hiyo, bado lina vibanda vya watumwa nyuma yake, na mgeni anaweza kuviona. Kwa hiyo inawezekana. Ila kibao hulipiwa mara moja, mwongoza watalii anayejua kujibu maswali hulipwa kila mwezi, na nadhani hapo ndipo majumba ya watu binafsi yanapokwama.