Atachi si koopu jamani

Kuna makala nimesoma, mwandishi anasema eti atachi yetu, yaani yale mazoezi ya kazini ya mwanafunzi wa chuo, ni sawa tu na ile koopu (co-op) ya Kanada, ya kusoma na kufanya kazi kwa zamu, hapo ametuchezea. Kule Chuo Kikuu cha Waterloo, chenye kina koopu tangu 1957, mwanafunzi wa koopu anasoma miezi minne, anaenda kazini miezi minne analipwa mshahara, anarudi darasani, hivyo hivyo mpaka amalize, na pesa hiyo ndiyo inamsaidia kulipa karo. Sasa njoo hapa Kisumu uone, mimi nilifanyia atachi karakana moja ya mitambo, kabla hata nishike spana naambiwa lete bima yako, rent ya chumba mtaa wa Manyatta ni juu yangu, nauli juu yangu, lanchi ni maandazi kavu, na siku lekchara alikuja kuniasesi alisaini logbuku, kile kitabu cha kurekodi kazi ya kila siku, juu ya boneti ya pikapu, injini ya jenereta niliyofungua hakuiangalia hata. Kazi nilijifunza, hiyo siwezi kataa, fundi mkuu alikuwa mtu poa sana. Lakini kulipwa? Hata pesa ya matatu sikuona. Nyinyi wa Nakuru na Eldoret, kuna mwenye alilipwa kitu akiwa atachi, ama ni Kisumu tu?